Siku Tulipovua Nyumba

Mtaani kwetu kulikuwa na kazi iliyoitwa kuvua nyumba. Kamati ya huruma ya kanisa ikitangaza kwamba itapita kuwaona wenye shida, basi siku moja kabla ungeona makochi yakitembea barabarani kama watu wanaokwenda kazini. Redio zilihama. Picha za harusi ziliteremshwa ukutani. Sufuria zenye kung'aa zilipelekwa kwa jirani asiyeomba msaada, na zile zilizoungua zikapangwa mbele, pale jicho la mgeni lingeangukia kwanza. Kuna mama mmoja, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alivua nyumba yake vizuri hata mumewe aliporudi kutoka kazini akadhani wameibiwa, akapiga kelele iliyosikika mpaka Mombasa. Ndivyo ninavyosimulia mimi. Mwenyewe husema alikohoa tu.

Sisi tulianza kuvua nyumba baada ya baba kufariki. Alikuwa fundi wa reli, na kwa miaka yote tuliishi Makongeni kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, tukilala na kuamka kwa mlio wa injini. Alipozikwa tulihamia chumba kimoja upande wa pili wa Jogoo Road: mama, mimi, na dada yangu mdogo ambaye alizaliwa baba akiwa tayari yuko ardhini. Mimi nilikuwa kijana wa kutosha kunyoa ndevu. Mchana nilikuwa kibarua kwenye viwanda vya Industrial Area, leo umechukuliwa, kesho umefukuzwa langoni na mbwa. Jioni nilikwenda shule ya usiku, nikakaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yangu yakigusa masikio, nikisoma historia na wajibu wa raia.

Huyo dada yangu ndiye aliyetufikisha kwenye kamati. Alipokuwa na umri wa kuanza kutembea, hakutembea. Miguu ilivimba, nywele zikawa rangi ya kutu, na uso ukawa wa mtu mzima aliyechoka na dunia. Alilazwa hospitalini, akapata nafuu, na siku ya kutoka nesi alimwambia mama maneno machache tu. Huyu akikosa maziwa mtarudi naye hapa, na wakirudi mara ya pili huwa hatuahidi kitu.

Maziwa ya unga yalikuwa kwa kamati ya huruma. Yalikuja kwa magunia kutoka ng'ambo, na kila wiki mama alipewa kifuko. Kifuko kile kilikuwa ndicho uhai wa mtoto, nami siongezi chumvi hapo, ingawa penginepo naongeza ya kutosha kukausha samaki wa ziwa zima.

Shida ilikuwa cherehani. Baba aliacha cherehani ya kukanyaga, nyeusi, yenye mlio wa treni ya mizigo ikipanda mlima, na mama aliitumia kukunja pindo za sare za shule na kubadilisha kola za mashati. Ilileta pesa za kodi ya chumba na unga. Maziwa haikuyafikia. Lakini kanuni ya kamati ilisema mwenye chombo cha kazi si maskini, ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hapewi maziwa. Kwa hiyo mama alikuwa na njia mbili: aonekane akifanya kazi, mtoto anyimwe, au aonekane amekaa bure, mtoto apewe, na yeye aitwe mvivu. Akachagua kuitwa mvivu. Kila kamati ilipokaribia, cherehani ilihama.

Ilihamia wapi? Hapo ndipo penye utamu wa hadithi, kama uchungu una utamu. Ilihamia stoo ya mwenyekiti wa kamati mwenyewe.

Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye duka la jumla na rejareja, mtu wa kwetu huko milimani kwenye baridi, mwili mkubwa, kicheko kikubwa, sadaka kubwa. Mtaa mzima tulimwita Mzee wa Duka. Jumapili akipewa nafasi ya kutoa neno, alipenda kutuambia kwamba msaada mwingi humlaza mtu, na kwamba asiyefanya kazi na asile, na sisi wenye vifuko vya maziwa tulitazama viatu vyetu. Sikumchukia. Alikuwa mcheshi, na alikuwa akitukopesha sukari.

Lakini Mzee wa Duka naye alikuwa na wageni wake aliowaogopa. Watu wa ushuru walikuwa wakipita duka kwa duka kutazama kama mali iliyomo inalingana na risiti. Nusu ya mali yake haikuwa na risiti. Sabuni, mafuta ya kupikia, viberiti, vyote vilimfikia kwa njia ambamo serikali haikualikwa. Ikisikika kwamba watu wa ushuru wako mtaa wa pili, mali hiyo ilipakiwa kwenye mkokoteni na kusambazwa katika nyumba za wajane. Nani angemshuku mjane? Sisi tulikuwa stoo bora kuliko benki.

Basi wakaelewana, mama na Mzee, bila kuandikiana. Wewe nifichie yangu, nami nikufichie yako. Mkokoteni haukupenda kurudi mtupu: ukipeleka cherehani, unarudi na katoni, ukileta cherehani, unaondoka na katoni. Aliyeusukuma ni mimi. Nilikuwa nikimwambia mama kwamba sisi ni kampuni ya usafirishaji, tumekosa tu kalenda ya ukutani na karani wa kupaka rangi kucha. Mama alicheka siku hizo.

Mwaka mvua zilipokosekana, msaada ukawa mchache na waombaji wakawa wengi, na kamati ikaamua kukagua upya kila nyumba. Ilitangazwa kanisani kwamba itapita kwetu Alhamisi. Jumatatu yake tukasikia watu wa ushuru wameonekana karibu. Jumanne nikasukuma cherehani na makochi mpaka stoo ya Mzee, nikarudi na katoni nyingi kuliko siku zote, zikajaza chumba mpaka dirishani. Mpango ulikuwa zitoke Jumatano jioni, kamati ije Alhamisi ikute chumba kikiwa uchi kabisa.

Jumatano asubuhi mama akafanya kosa ambalo ni mama wa mtaa wetu pekee angelifanya. Hakuweza kuvumilia kukaa katika chumba kilichojaa katoni zikimkodolea macho. Alizipanga safu kando ya ukuta, mbili mbili, akatoa vitambaa vyake vya kufuma, vile vyeupe vyenye maua pembeni, akazifunika. Katika nyumba zetu kila kitu kilikuwa na kitambaa: redio, meza, mgongo wa kiti, hata mtungi wa maji. Alipomaliza, chumba kilikuwa na makochi mengi kuliko siku tulipokuwa na makochi.

Mimi sikuwa nimepata kibarua siku hiyo, nikawa nimerudi nyumbani. Nilikuwa namwambia mama kwamba sasa tunaweza kumpokea balozi, mlango ukabishwa.

Ilikuwa kamati. Mmoja wao alikuwa na matanga Alhamisi, wakaona afadhali wamalize kazi mapema. Walikuwa watatu. Katibu, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopepesa. Mama mmoja mnene wa kwaya, mpole, mwenye pumzi fupi. Na nyuma yao, akiwa ametolewa dukani bila kupewa nafasi ya kusema lolote, mwenyekiti wetu, Mzee wa Duka, jasho likimtiririka kama mtu aliyetoka kuogelea.

Mama akawakaribisha. Angefanya nini? Katibu akabaki amesimama, akichunguza kuta. Mzee alisema atasimama pia, mgongo unamsumbua. Mama wa kwaya alikuwa ametembea jua lote lile, akashukuru Mungu, akajishusha kwenye kochi.

Ule uzito ulifika katoni ya juu, katoni ikafikiri kidogo, kisha ikakubali. Yule mama akazama. Miguu ilikwenda juu, kitambaa kikamfuata, na ubavu wa katoni ukapasuka, miche ya sabuni ikaanza kuteleza nje sakafuni, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama ng'ombe wanaotoka zizini. Nilimshika mkono nikamvuta. Naapa nilihitaji msaada wa mtaa mzima, ingawa kwa kweli alikuwa akijisaidia mwenyewe, akiomba msamaha kwa kuvunja kiti cha watu.

Hakuna aliyecheka. Katibu alikuwa ameshainua kitambaa cha pili, na cha tatu. Akaona maandishi ya mafuta ya kupikia. Akaona viberiti.

"Mama, hivi ni vya nani?" akauliza.

Mama alimtazama Mzee. Mzee alitazama mabati ya dari kama mtu anayetafuta pale mvua itakapovuja. Mimi nilikuwa nimembeba dada yangu begani, nilihisi kichwa chake chepesi kwenye shingo yangu, na nilielewa hesabu yote ambayo mama alikuwa akiifanya, kwa sababu nami nilikuwa nikiifanya. Akisema ni vya Mzee, watu wa ushuru hawako mbali, na habari mtaani kwetu ilikuwa na miguu minne. Mzee naye, ili ajiokoe, angeuliza mbele ya kamati cherehani iliyo stoo kwake ni ya nani. Tungepoteza maziwa na cherehani pamoja. Akisema ni vyake, tungepoteza maziwa peke yake.

"Ni vyangu," mama akasema.

"Vyako. Na unachukua maziwa ya maskini unayanywa?"

"Siyanywi mimi."

Katibu akamtazama dada yangu. Nadhani kwa kitambo kidogo alitaka kuyaacha mambo hayo. Kisha akamgeukia mwenyekiti, kwa sababu neno la mwisho lilikuwa la mwenyekiti, akamuuliza anasemaje.

Mzee wa Duka alisafisha koo. Alikuwa na nafasi ya kusema lolote. Angeweza kusema apewe mwezi mmoja. Angeweza kusema mtoto hana kosa. Lakini mtu mwenye mali yake sakafuni, mbele ya macho ya watu, huogopa hata huruma yake mwenyewe isije ikamtoboa. Alisema kwa sauti ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba kanuni ni kanuni. Wakaondoka. Mama wa kwaya alirudi mlangoni, akamshika mama mkono, kisha akawafuata wenzake.

Jioni kabla jua halijazama Mzee alimtuma mtu na mkokoteni, cherehani na makochi yakiwa juu, aje achukue mali. Mimi nilisimama mlangoni nikakataa. Nilimwambia mama kwamba sasa hizo katoni ni zake halali. Amesema mbele ya kanisa, mwenye mali alikuwepo na hakukanusha. Aende mahakamani akatuambie alizinunua wapi. Tungeuza sabuni kipande kipande pale mferejini watu wanapochota maji, tungenunua maziwa mpaka mtoto aote ndevu. Niliona ni hoja ambayo mwalimu wangu wa usiku angeipigia makofi.

Mama alinisogeza kando kwa mkono mmoja.

"Mimi nilificha," akasema. "Sikuiba."

Akazipakia mwenyewe. Hata ile miche ya sabuni iliyomwagika aliipangusa vumbi, akairudisha yote.

Nimelifikiria neno lile maisha yangu yote, na sijamaliza. Mama alijua kwamba alikuwa anaidanganya kamati, na kwamba kwa kila kifuko alichopewa pengine kuna mwingine aliyekosa, asiye na cherehani kabisa. Hakujitetea. Aliwahi kuniambia kwamba Mungu atamuuliza, naye atajibu. Na Mzee naye alikuwa na neno lake, nililisikia mara nyingi kule kwenye stoo. Serikali imenifanyia nini? Barabara hii imejaa mashimo, nailipia nini? Wanakula wao, nami nile changu. Alisema kwa uchangamfu, akinipa soda, na wakati ule niliona ana haki. Shuleni usiku mwalimu alipotuuliza kodi ni nini, nilinyoosha mkono, nikajibu kwa Kiswahili cha redio kwamba ni mchango wa kila mmoja ili wote wapate. Darasa likapiga makofi. Nikaenda nyumbani kwa miguu, nikipita dispensari ya mtaa ambako mama alikuwa amepanga foleni siku nzima akaambiwa dawa hakuna. Sisemi kwamba kodi ya duka moja ingejaza kabati lile. Nasema tu kwamba yule aliyetuhubiria juu ya kutegemea watu alikuwa akitegemea barabara ya watu, taa za watu, polisi wa watu, na chumba cha mjane. Alitegemea kuliko sisi. Ila yeye hakuna kamati iliyoinua kitambaa chake.

Maziwa yalikoma wiki ile ile.

Mama alishona. Alishona mpaka mafuta ya taa yakaisha, akashona kwa kupapasa. Lakini mwaka ule hata sare za shule watu walivaa zilizochanika, kazi ilikuwa haba. Mimi nilisimama kwenye malango ya viwanda toka alfajiri, na nilirudi na hadithi tu. Nilimsimulia mama juu ya mnyapara ambaye tumbo lake hufika kazini dakika kumi kabla yake. Alitabasamu kwa heshima. Majirani walituletea uji. Walituletea kweli, siwezi kuwanyima hilo, nao wenyewe wakiwa na njaa. Lakini uji mweupe wa unga mtupu ndio uliompeleka mtoto hospitalini mara ya kwanza.

Miguu ikaanza kuvimba tena. Ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Mwanzoni dada yangu alilia usiku na mchana, nikatania kwamba ana sauti ya kuongoza kwaya. Kisha akaacha kulia. Hapo utani uliniishia. Mtoto akilia, mtu hupata la kufanya: humbeba, humwimbia, humkaripia. Yule alikuwa amelala tu anatutazama, kama aliyekwisha kutusamehe. Mama alikwenda kwa katibu. Akaambiwa nafasi yake amepewa mwingine, aombe tena baada ya kamati kukutana. Kamati ingekutana lini? Mwenyekiti ataita.

Jumamosi moja asubuhi mama alimwosha mtoto, akamvika gauni aliloshona kwa mabaki ya kola, akaniambia twende. Sikuuliza wapi. Tuliingia kwenye duka la Mzee wakati limejaa, wanawake wameshika mifuko, vijana wanapokezana mchele. Mama alipenya mpaka mbele na kumketisha dada yangu juu ya kaunta, kando ya mizani. Mtoto hakuweza kuketi sawasawa, akaegemea ile mizani, na sahani yake ikatikisika.

Watu wakaacha kununua.

Mzee akauliza, kwa ule uchangamfu wake wa dukani, mama nikupatie nini.

"Sijaja kununua," mama akasema. Hakupaza sauti. "Nimekuja mwenyekiti amwone mtoto."

Mzee akasema mambo ya kamati yana siku yake. Akamwomba waingie ndani waongee kama watu wazima. Mama akasema haingii ndani.

"Mimi sina neno la kusema, Mzee. Wewe unajua kwamba sina. Nitakaa tu hapa."

Nilimwona Mzee akilipima lile neno. Alikuwa hajui kama ni ahadi au ni tishio, nami sijui mpaka leo, na nikimuuliza mama hubadilisha mazungumzo. Wanawake walikuwa wakiitazama miguu ya mtoto. Mmoja alianza kulia. Mzee naye akaitazama, na ninaamini ilikuwa mara ya kwanza kuitazama, maana siku ile kwetu alitazama dari. Uso wake mkubwa ukapoteza rangi. Akanyoosha mkono kwenye rafu, akashusha kopo la maziwa, akaliweka kwenye kaunta.

Mama hakuligusa. "Na wiki ijayo?"

Mzee aliwatazama wateja wake, kisha mama. 

"Njoo wiki ijayo," Mzee akasema. "Lakini pitia mlango wa nyuma."

Ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu. Serikali ilikuwa imemtafuta yule mzee kwa magari na mihuri isimpate; mama yangu alimpata kwa mtoto mmoja asiyeweza kuketi. Nilitaka kumwambia hivyo njiani siku ile. Nilikuwa nimeshalitengeneza kichwani, kwamba yeye ndiye mtoza ushuru mkuu wa mitaa yote ya Eastlands na anastahili kofia. Nilipomtazama nikaona anatembea haraka kama mtu anayefukuzwa, kopo amelificha chini ya leso aliyojitanda.

Tulipofika alichemsha maji, akakoroga. Nikamsaidia kushika kikombe.

"Sasa ndiyo nimekuwa ombaomba," akasema.

Nikamwambia hapana, mama. Akampa mtoto kikombe. Dada yangu alikunywa polepole, akapumzika, akanywa tena mpaka akamaliza. Kisha, baada ya siku nyingi za kutotaka kitu, akanyoosha mkono kuelekea kopo. Mama alilifunga akaliweka juu, kwa sababu lilikuwa dogo, na wiki ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mtoto akaanza kulia, na sisi wawili tukakaa tukimsikiliza.